Mlipuko Hauanzi Pale Unapouona

Saa kumi na moja jioni. Mtoto wa miaka 9 mwenye usonji amerudi shule, ameweka begi, ameambiwa akanawe ale. Anajitupa chini, anapiga kichwa sakafuni, anamng'ata dada anayejaribu kumwinua. Dakika 20 baadaye amelala palepale, shati limelowa jasho. Wa nyumbani wanasema amedekezwa. Jirani anasema ana kitu, apelekwe akaombewe. Mwalimu akipigiwa simu anasema shuleni alitulia siku nzima, kwa hiyo kazi iko kwa wazazi. Wote watatu wanaiangalia dakika ile ya kunawa, na dakika ile haina jibu. Jibu liko asubuhi, au usiku wa jana, pengine liko kwenye jino.

Ukisoma vigezo ambavyo madaktari hutumia kuutambua usonji, hukuti humo kupiga, kung'ata wala kutoroka. Unakuta tofauti katika kuwasiliana na kuhusiana na watu, tabia za kujirudia, kupenda mambo yabaki yalivyo, na hisi zinazopokea kelele, mwanga au mguso kwa nguvu kupita kiasi au kwa udhaifu kupita kiasi. Hofu, hasira, sonona na kujiumiza vinakuja juu ya hayo. Na vinakuja kwa wengi. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwapima watoto 112 wenye usonji, wa umri wa miaka 10 hadi 14: asilimia 70 walikuwa na angalau tatizo moja la afya ya akili juu ya usonji, na asilimia 41 walikuwa na mawili au zaidi. Hofu ya kuwa mbele za watu ilikuwa asilimia 29, ADHD, yaani shida ya kutulia na kuzingatia, asilimia 28, ukaidi uliokithiri asilimia 28. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa "ndivyo walivyo, zoea" anaambiwa jambo lisilo kweli. Usonji utabaki. Kupiga kichwa sakafuni si lazima kubaki.

Kudeka na kuzidiwa

Mtaani tuna neno moja, "anadeka", na tunalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana. Mtoto yeyote, mwenye usonji au asiye nao, anaweza kulia kwa sababu anataka simu. Huyo analia huku akikutupia jicho kuona kama umemwona. Akikaribia ukuta anapunguza pigo asijiumize. Akipewa simu, kilio kinakatika. Aliyezidiwa hakuangalii. Ukimpa kile ulichodhani anakitaka anakitupa. Hajikingi. Yakiisha, usoni mwake hakuna ushindi, kuna uchovu, na mara nyingi anataka giza na kimya. Wa kwanza anahitaji jibu lisiloyumba. Wa pili hana uwezo wa kusikia jibu lolote kwa dakika zile, hata liwe zuri vipi. Ugumu ni kwamba la kwanza linaweza kugeuka la pili njiani: ameanza kwa kutaka simu, makelele ya watu yakampandisha, sasa simu haina maana tena. Ukiona amevuka, achana na habari ya simu.

Kuna sura ya tatu, na hii haimwamshi mtu. Mtoto ananyamaza ghafla, anaganda, anajikunja chini ya dawati, haitiki jina. Darasani husifiwa kwa utulivu. Huko nako ni kuzidiwa, ila kumeelekea ndani. Mwalimu anayesema "huku kwetu hana shida" huenda amekuwa akiiona sura hii kila siku bila kuijua.

Daftari la siku 14

Kabla ya kubadili chochote, nunua daftari la mistari. Kila tukio liandikwe kwenye safu tano: saa na mahali, kilichokuwa kikiendelea dakika 10 kabla, alichofanya mtoto, kilidumu dakika ngapi, na watu walifanya nini baada ya hapo. Chini ya ukurasa andika mambo ya siku nzima: alilala na kuamka saa ngapi, alipata choo au hakupata na kilikuwaje, alikula nini, na dalili yoyote ya ugonjwa. Siku 14, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, kwa sababu siku zisizo na shule ndizo zinazoonyesha shule inachangia kiasi gani.

Kazi hii huharibika kwa namna zilezile. Watu huandika "alikuwa mkorofi" badala ya "alimpiga mdogo wake mgongoni kwa kiganja, mara tatu". La kwanza ni hukumu, la pili unaweza kulihesabu. Huandika usiku, kwa kukumbuka, na kumbukumbu ya mtu aliyechoka hubaki na kelele na kusahau kilichotangulia. Huandika "bila sababu", neno ambalo ningelipiga marufuku daftarini. Kama hukuiona sababu, andika ulichokiona: taa iliwashwa, mgeni aliingia, blenda ililia jikoni. Na watu huficha safu ya mwisho. Kama alipigwa kofi, liandikwe. Kama alipewa soda ili anyamaze, iandikwe pia. Daftari halimshtaki mtu, ila likidanganywa halisemi kitu.

Tuseme wiki mbili zimetoa matukio 13. Tisa yako kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, siku za shule tu. Mawili ni wakati wa kuoga. Mawili yameangukia siku ambazo alikuwa hajapata choo tangu juzi yake. Hapo huna tena "mtoto mwenye fujo". Una mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Kitu kile kile, tuseme kupiga, kinaweza kufanya kazi nne: kumwepusha na jambo, kumpatia kitu, kumletea mtu karibu, au kuutuliza mwili wenyewe pasipo mtu yeyote kuhusika. Ndiyo maana ushauri wa jumla wa "ukimwona anapiga, mtoe nje" humsaidia mmoja na kumharibu mwingine. Anayepiga ili aepuke hesabu, ukimtoa nje umemlipa. Kesho atapiga mapema zaidi.

Mwili kwanza

Mtoto asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa mikono. Anayejipiga taya anaweza kuwa na jino bovu. Anayejipiga sikio au kulikandamiza begani, sikio likaguliwe. Anayeegemeza tumbo kwenye ncha ya meza na kusukuma, fikiria choo kigumu. Wengi hula vyakula vitatu au vinne tu, mara nyingi wali mtupu, mkate mweupe, chipsi na maziwa, na kwa chakula hicho choo hufunga. Kosa linalojirudia ni hili: chupi ina madoa ya kinyesi chepesi, mzazi anadhani mtoto anaharisha, anampa dawa ya kuzuia kuharisha. Kumbe kinyesi kigumu kimeziba na chepesi kinapenya pembeni yake. Akaguliwe hospitali kwanza kabla ya kukimbilia duka la dawa.

Hata anayeongea vizuri anaweza asijue kinachomsumbua. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliojumlisha tafiti kadhaa ulikuta karibu nusu ya watu wenye usonji wana shida ya kuzitambua na kuzitaja hisia zao wenyewe. Kwa watu wengine ni kama 5 kati ya 100. Ukimuuliza "una hasira au una njaa?" na akakujibu "sijui", huenda amekujibu kweli kabisa.

Kifafa nacho huonekana zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine, hasa utotoni na tena ujana unapoanza. Ukiona anaganda kwa sekunde chache akiwa katikati ya jambo analolipenda, macho yamekodoa, midomo inatafuna hewa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, mrekodi kwa simu umwonyeshe daktari. Video ya sekunde 15 humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Usingizi usidharauliwe. Mtoto aliyepata usingizi wa saa 5 tu usiku kucha huamka akiwa kama kibaba kilichokwisha kujaa nusu.

Kibaba

Haba na haba hujaza kibaba, na cha mtoto yule wa saa kumi na moja kilianza kujazwa alfajiri. Sare mpya ina lebo shingoni inayomkwaruza. Bodaboda aliyemzoea hakuja, amekuja mwingine, kapita njia nyingine. Kengele ya shule ni kipande cha chuma cha gari kinachogongwa kwa nyundo chini ya dirisha la darasa lake. Saa nne uji una madonge. Saa saba mvua imepiga juu ya bati kwa dakika 40, na watoto 60 wamepandisha sauti ili wasikiane. Siku nzima amejishikilia, kwa sababu ameshajifunza kwamba akijiachia shuleni anachekwa au anachapwa. Amefika nyumbani, mahali anapojisikia salama, akaambiwa neno moja la ziada: kanawe.

Ndiyo maana mengi ya matukio yale 9 hupungua kwa kubadili saa moja tu. Dakika 45 za kwanza baada ya shule zisiwe na swali wala agizo. Asiulizwe shule ilikuwaje. Asiogeshwe. Maji ya kunywa na chakula anachokijua viwe vimeshawekwa mahali palepale kila siku, redio imezimwa, mdogo wake yuko chumba kingine. Kunawa kunaweza kusubiri, au aachiwe kitambaa chenye maji. Lebo za sare zikatwe na mshono ulainishwe, na sare mpya ifuliwe mara mbili tatu kabla ya kuvaliwa. Shuleni aombewe kuhama mbali na dirisha la kengele, na aruhusiwe kuondoka darasani dakika 2 kabla haijagongwa. Hayo yote hayahitaji bajeti. Yanahitaji mtu mmoja shuleni anayeyaamini.

Kuoga ni jambo jingine: hapo huwa ni maji baridi ya ghafla kichwani, sabuni machoni, na kukatizwa mchezo. Anza na miguu, mpe kopo ajimwagie mwenyewe, hesabu kwa sauti moja hadi 10 kila siku, na ukifika 10 uache kweli, hata kama povu limebaki nyuma ya sikio.

Kumwonyesha kinachokuja

"Dakika tano tu" ni maneno matupu kwa mtoto asiyehisi muda, hasa kwa kuwa watu wazima tunayasema tukimaanisha hata nusu saa. Kinachosaidia ni muda unaoonekana: saa ya mchanga, au kipima muda cha simu chenye duara linalopungua.

Ratiba ya picha hutengenezwa jioni moja. Kata boksi gumu vipande vya mraba vya sentimita 7. Bandika picha ulizopiga nyumbani kwako mwenyewe: ndoo yake, kitanda chake, begi lake. Michoro ya intaneti ya beseni la Ulaya haimwambii kitu anayeoga kwa ndoo. Funika kwa selotepu pana ili maji yasipenye. Zipange kwa mstari kwenye ubao mwembamba, kutoka juu kwenda chini, zisizidi 5 au 6 kwa mara moja, na pembeni weka bahasha ya "imekwisha". Jambo likimalizika, yeye mwenyewe anaing'oa picha na kuitumbukiza. Ule mkono kwenda kwenye bahasha ndio unaomwambia kwamba jambo limefungwa.

Ratiba nyingi hufa ndani ya wiki mbili, na mara nyingi kwa sababu imejaa matakwa ya watu wazima tu: oga, soma, lala. Angalau picha moja kati ya tatu iwe kitu anachokipenda. Nyingine hufa siku ya kwanza mpango unapobadilika na ubao usiseme. Tengeneza kadi ya mabadiliko, yenye rangi isiyotumika kwingine, na uifundishe kwanza kwa mabadiliko mazuri: leo badala ya ndizi kuna embe. Ikishazoeleka mara 10 au 15 kwa mema, ndipo iitwe kwa magumu. Kwetu umeme kukatika katikati ya katuni ni jambo la kawaida, kwa hiyo kadi ya umeme iwepo tangu mwanzo, na chini yake kadi ya kitu kisichotumia umeme ambacho anakikubali.

Kadi ya kijani

Ukiondoa tabia bila kuweka nyingine mahali pake, itarudi au italeta mwenzake. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walionyesha jambo ambalo hadi leo ndilo msingi wa kazi hii: mtoto akifundishwa njia ya kuomba kilekile anachokipata kwa fujo, fujo hupungua. Siri iko kwenye neno kilekile. Kama anapiga ili apumzike, mfundishe kuomba mapumziko. Kumfundisha kusema "naomba maji" hakutabadili kitu.

Chukua kadi ya kijani, saizi ya kitambulisho, yenye alama ya kupumzika. Mazoezi yafanyike akiwa ametulia, mara 10 kwa siku, nusu dakika kila moja. Mtu mmoja anakaa mbele na kazi nyepesi, mwingine yuko nyuma ya mtoto, anauongoza mkono wake utoe kadi. Anayepokea anasema "pumzika" na kumwachia dakika 2 papo hapo. Aliye nyuma hasemi kitu, na anapunguza msaada siku hadi siku: mkono mzima, kiwiko, kidole tu begani, kisha hakuna.

Kwa wiki mbili za kwanza kadi haikataliwi. Haikataliwi hata kama ameitoa mara 20 katika somo moja, hata kama unadhani anakutumia. Anajaribu kuona kama karatasi hii ina nguvu kama ngumi, na ukimwambia "si sasa" siku ya pili umemjibu kwamba haina. Walimu wengi hukwama hapa, na naelewa kwa nini, maana darasa zima linatazama. Lakini kuomba mara 20 kwa kadi ni mafanikio makubwa kuliko kupiga mara moja. Ikishashika, ndipo anafundishwa kungoja: sekunde 5, 10, 20, nusu dakika. Kadi iwe mfukoni mwake au kwenye kamba kiunoni, siyo ukutani juu asikofika. Na nyumba nzima iijue, bibi na dada wa kazi wakiwemo.

Wakati huohuo, kile alichokuwa akikipata kwa kupiga kinakoma. Hapa jiandae: mara nyingi hali huwa mbaya zaidi kwa siku kadhaa kabla ya kutulia. Atapiga kwa nguvu zaidi, kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu njia iliyokuwa ikifanya kazi imekwama naye anaisukuma. Ukivumilia siku tatu na kulegea siku ya nne, umemfundisha kwamba bei ni siku nne. Basi usianze wiki ya harusi, mfungo unapoanza, wala mama anapokaribia kujifungua. Na kama tabia yenyewe ni kujipiga kichwa, kujiuma hadi damu au kukimbilia barabarani, hii si kazi ya kupuuza na kungoja. Tafuta mtaalamu wa saikolojia au wa tiba kwa vitendo akuongoze kabla hujaanza.

Dakika zenyewe

Mlipuko ukishaanza hakuna somo linalofundishika. Kazi ni moja, asiumie na asiumize. Mtu mmoja tu aongee, maneno yasizidi matatu, sauti chini: "Niko hapa. Salama." Wengine watoke, kelele izimwe, pazia lishushwe. Simama pembeni yake, siyo usoni, umbali wa zaidi ya urefu wa mkono. Usimuulize kwa nini. Usimlazimishe akutazame. Kati ya kichwa na sakafu weka mto, au kanga iliyokunjwa mara nyingi, badala ya kukishika kichwa. Usimlaze kifudifudi na kumkalia kwa hali yoyote, watu wamekufa kwa kukosa pumzi namna hiyo. Angalia saa, kwa sababu dakika 6 huonekana kama 30, na daftari linahitaji namba ya kweli. Ikiisha, maji, kitambaa cha baridi, giza, na saa nzima bila mahubiri. Kuombana msamaha kusubiri kesho.

Fimbo lazima niiseme. Kuna anayenyamaza akichapwa, na mzazi huona imefanya kazi. Kumbuka ile sura ya tatu niliyoitaja juu, kuzidiwa kunakoelekea ndani: ameganda. Kibaba kilikuwa kimejaa, umemimina maumivu juu yake, naye amezima. Zaidi ya hapo umemfundisha kwamba mkubwa akikasirika hupiga, na mtoto mwenye usonji hufuata kanuni kwa uaminifu mkubwa. Atampiga mdogo wake. Kuhusu maombi na dua, familia inayomwombea mtoto wake haijakosea. Kosa ni kumfungia, kumnyima chakula au kumchapa ili kitu kitoke, na kuacha dawa ya kifafa kwa sababu ameshaombewa.

Anapobalehe

Akifika miaka 13 hivi nguvu za mwili zinabadilika na mtoto uliyekuwa ukimbeba sasa anakuzidi. Kilichofundishwa akiwa na miaka 6 ndicho kitakachowalinda wote wawili. Kama hakikufundishwa, anza sasa, kwa kadi ileile.

Msichana aandaliwe kwa hedhi mwaka mzima kabla. Avae pedi kavu saa moja, mara moja kwa wiki, azoee mguso. Kisha pedi iwekwe matone ya maji ya rosela, ajifunze kwamba nyekundu maana yake ni kubadilisha, na kwamba hajakatwa. Wengi hulipuka siku ya kwanza kwa sababu wameona damu na damu walifundishwa kuwa ni jeraha. Mvulana afundishwe kwa kanuni ya mahali, si kwa aibu: mkono ndani ya nguo ni chumbani kwako, mlango umefungwa. "Acha upuuzi" si maelekezo. Hajui uliukataza upuuzi gani kati ya yote aliyokuwa akifanya.

Anayeongea vizuri na kufaulu mitihani ndiye anayesahaulika. Huyu amejua sasa kwamba yeye si kama wenzake, na hutumia nguvu zake zote kuiga wanavyocheka na wanavyosimama. Sonona kwake haiji na machozi. Inakuja kwa kuacha kile alichokipenda kuliko vyote. Kijana aliyekuwa akizijua namba za mabasi yote ya mkoani, akiacha kuzitaja kwa wiki mbili, hilo ni kubwa kuliko kushuka kwa alama. Angalia na usingizi, kula, na kujiumiza kulikoanza upya. Ukihofia anafikiria kufa, muulize waziwazi kwa maneno yasiyo na mafumbo: "Je, unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo. "Umechoka na maisha?" ni swali ambalo anaweza kulijibu kana kwamba umemuuliza habari ya kuchoka. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, dawa na kamba ziondolewe, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wanaoweza kusoma, ngazi iliyoandikwa ya 1 hadi 5, inayoonyesha amezidiwa kiasi gani, husaidia, mradi kila namba ielezwe kwa mwili wake mwenyewe. Kwa mmoja, 2 ni vidole vinabana kalamu. 3 ni masikio ya moto na kurudia swali moja. 4 ni hasikii tena maneno. Mpango uandikwe kwenye 2, kwa sababu kwenye 4 hakuna mpango unaosomeka.

Dawa, na mafunzo ya walezi

Hakuna kidonge cha usonji. Kuna vidonge vya hasira kali na kujiumiza, vinavyokuja baada ya mengine kujaribiwa au hatari inapokuwa kubwa. Risperidoni ilipimwa kwa watoto 101 wenye usonji katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002: baada ya wiki 8 alama za hasira zilishuka kwa asilimia 57, dhidi ya 14 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Waliopata dawa waliongezeka kilo 2.7 kwa wastani, wengine 0.8. Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa kazi hii mwaka 2006, na nyingine iitwayo aripiprazoli mwaka 2009. Ukiandikiwa, mtoto apimwe uzito kabla na kila mwezi, sukari iangaliwe, uulize tarehe ya kutathmini kama inaendelea kuhitajika, na usiikate ghafla. Akipewa haloperidoli, dawa nyingine ya kutuliza, na shingo ikapinda au ulimi ukakaza, rudi hospitali mara moja.

Mafunzo ya mzazi nayo yana ushahidi wake. Mwaka 2015 yalipimwa kwa watoto 180 wa miaka 3 hadi 7: baada ya wiki 24, alama za hasira zilipungua kwa asilimia 47.7 pale wazazi walipofundishwa vitendo kama hivi vya hapa juu, na 31.8 pale walipopewa elimu ya usonji pekee. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: mikutano 9 ya kikundi na ziara 3 nyumbani, yaliyopangwa yaendeshwe hata na asiye bingwa, na yamefanyiwa majaribio Ethiopia na Kenya. Kenya ulizia kwenye kituo cha EARC kilicho karibu, yaani kituo cha kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu na kuwaelekeza kielimu. Tanzania anzia kwenye shule ya msingi yenye kitengo maalumu, maana walimu wake mara nyingi ndio wanaojua nani anafundisha nini na wapi.

Kila muhula mpya, kila mwalimu mpya, kila dada mpya wa kazi, mpe karatasi ya ukurasa mmoja. Isiwe na historia ya ugonjwa; hataisoma. Iandikwe kwa kauli ya mtoto, mistari saba au minane kwa herufi kubwa, hivi:

Nina miaka 9. Naelewa zaidi ya ninavyosema.
Niambie jambo moja kwa wakati mmoja, kisha hesabu hadi 10 kimoyomoyo kabla hujarudia.
Kengele inaniumiza. Niruhusu nitoke dakika 2 kabla.
Usinishike kwa nyuma. Njoo pale ninapokuona.
Nikianza kuuliza swali moja tena na tena, nimeanza kujaa. Punguza kelele.
Nikikupa kadi ya kijani, nipumzishe sasa hivi. Nitarudi.
Nikijipiga taya, niangalieni meno.
Nikinyamaza ghafla na kujikunja, sijatulia. Nionyeshe mlango, na usiniulize kitu.